Neno Alilolisema Sebastiani Wodini

Sisi Wapare tunasifiwa kwa kupenda kesi, na kwa sifa hiyo hatukuonewa. Mtu wa kwetu anaweza kuuza ng'ombe ili ashinde shauri la kuku, na akirudi nyumbani hana ng'ombe wala kuku bado anatembea kifua mbele. Mbele ya wageni ninalisema jambo hili nikicheka. Lakini nikimkumbuka baba yangu mdogo Sebastiani kicheko kinanikauka, kwa sababu kesi iliyommaliza yeye haikuwa na mshitaki mwovu wala mshitakiwa mwenye kosa. Ilikuwa na watu wakweli watupu, na hao nimewaogopa tangu siku hizo.

Sebastiani alikuwa mgawa maji wa ndiva ya Mlaro, kijiji chetu cha mlimani. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Jioni tundu lake huzibwa ili maji ya kijito yalale humo, na alfajiri huzibuliwa yateremke kwa mifereji mpaka mashambani. Baba yake ndiye aliyekuwa mgawa maji kabla yake. Ujanani alijaribu kukimbia, akaenda kukata mkonge bondeni pamoja na watu wa kila kabila, lakini hakumaliza hata mkataba wake. Alisema usingizi wa bondeni haukumkubali. Kule walilala taa zikiwaka, wakaamshwa kwa king'ora, na yeye mwili wake ulikuwa umezoea kulala giza likishuka na kuamka kabla ndege hajalia. Akarudi, akashika gogo la kuzibia ndiva, akaoa.

Usiku wa Uhuru kijiji kizima kilikesha kikicheza. Yeye alilala kama siku zote, alfajiri akaenda kuzibua, na aliporudi akawakuta vijana wamelala kwenye majani na ngoma zao. Akawaambia Uhuru wameupata, sasa waamke kwa sababu mahindi hayajui kucheza. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mkali, ila maneno yake yalikuwa machache na yote yalikuwa kweli. Na ilibidi yawe kweli, kwa kuwa sheria ya kwanza ya mgawa maji ni kutosema uongo. Akisema zamu ni yako, ni yako. Akisema fulani kaiba maji, basi kaiba, hakuna anayebisha.

Mkewe Jenoveva alikuwa kinyume chake. Alipenda maneno, alipenda watu, na mimi, mtoto wa kaka wa mumewe, alinilea nusu ya utoto wangu. Mama yangu alifariki mapema, na makande niliyokula mengi yalitoka chunguni kwake. Alizoea kumtania mumewe mbele yetu.

"Mke mkubwa ni ndiva," alisema. "Mimi niliolewa mke mdogo. Jioni lazima aende kumfunika mwenzangu kwanza, ndipo aje kwangu."

Sebastiani alitabasamu tu na kuingiza miguu kwenye karai la maji ya moto ambalo mama mdogo alikuwa amemtayarishia. Sijaona watu wazima waliopendana kimyakimya namna ile.

Sasa nieleze sheria ya pili, maana humo ndimo shida ilimozaliwa. Mwizi wa maji, yule anayezibua ndiva usiku ili anyweshe shamba lake peke yake, hakupelekwa mahakamani. Mgawa maji alisimama, akawataja mababu watatu waliojenga ndiva, mmoja baada ya mwingine, akamtaja mwizi kwa jina, akasema, "Nimekuona kwenye mlango wa maji. Maji haya usinywe, usipikie, usioge, mpaka mimi niliyekuona nikusamehe." Yakishasikiwa na watu wawili wa ukoo, marufuku imesimama. Na kuiondoa ni lazima mgawa maji mwenyewe asimame kando ya ndiva, aseme aliona nini, aseme amesamehe, amnyunyizie maji mhusika. Jumapili tulikuwa Wakristo wazuri sana. Siku nyingine sita tulikuwa watu wa ndiva.

Sebastiani alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Aliifunga kwa kitambaa cha kanga na kuendelea na kazi, na kila Jenoveva alipomwambia ashuke hospitali alijibu baada ya mavuno, baada ya palizi, baada ya mvua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwake msemo huo haukuwa mfano. Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha ndiva, aliinua jiwe na ngiri ikakwama. Alianguka hapo hapo akitapika. Tulimbeba kwa machela kuteremka mlima, tukapokezana mabega, mpaka barabarani, ambako lori la mkonge lilitusaidia kufika hospitali. Daktari alimtazama mara moja akasema apasuliwe sasa hivi.

Operesheni ilikwenda vizuri. Nasisitiza hilo, kwa sababu wapo watu kijijini mpaka leo wanaosema alikatwa kitu kisichostahili kukatwa. Alitoka kwenye nusukaputi akiwa hai, utumbo wake mzima, na daktari akampa mkono Jenoveva.

Walimlaza kwenye chumba cha waliopasuliwa. Madirisha yake yalikuwa na mapazia mazito kwa ajili ya vumbi, na usiku kucha karabai iliwaka humo ili manesi waweze kuona dripu. Mgonjwa mmoja akinyamaza mwingine analia, na kila baada ya muda mtu anakuja kukupima. Hakuna wa kulaumiwa, kazi ya hospitali ndivyo ilivyo. Ila kwa mtu ambaye maisha yake yote giza lilimwambia lala na weupe wa mashariki ukamwambia amka, ghafla mchana na usiku vilikuwa kitu kimoja. Akawa halali, na akisinzia hajui amesinzia saa ngapi.

Jenoveva alikuwa naye muda wote. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda. Shangazi Lukia, dada yake Sebastiani, alikuja asubuhi na jioni kutoka kwa jamaa zake wa mjini, alikofikia.

Mchana Sebastiani alikuwa mzima wa akili. Aliuliza habari za tangawizi, aliuliza nani anafungua maji. Jua lilipoanza kuinama ndipo alipobadilika. Vidole vilianza kuchakura shuka kama mtu anayetafuta kitu kwenye tope. Macho yakakimbia ukutani.

"Jua liko wapi?" aliuliza.

"Linazama, Baba Honorata," mkewe alimjibu. Honorata ni binti yao wa kwanza.

"Na ndiva?"

"Imezibwa. Lala."

Hakulala. Alitaka kuinuka, akachomoa dripu, damu ikatiririka mkononi, na Jenoveva na nesi walimshika mpaka akachoka. Kulipokucha hakukumbuka chochote, akashangaa mkono wake umefungwa bendeji.

Jioni iliyofuata baba yangu Hezroni aliteremka kumwona mdogo wake. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo. Alikaa na shangazi Lukia karibu na mlango, wote wawili wamefunika pua kwa ajili ya harufu ya dawa. Jenoveva alikuwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Daktari alikuwa amekataza asinywe maji kwanza, lakini aliruhusu midomo iloweshwe, kwa hiyo mama mdogo aliinama, akakamua kitambaa chenye maji, tone moja moja, kwenye midomo iliyokauka ya mumewe.

Sebastiani alisikia matone. Hapo alikuwa amekwisha toka wodini, yuko mlimani, jua limezama, ndiva haijazibwa, na mtu ameinama kwenye mlango wa maji. Akafumbua macho. Kwa sauti ya mtu mzima, si ya mgonjwa, akawataja mababu watatu bila kukosea hata mmoja. Akamtaja Jenoveva kwa jina lake. Akasema nimekuona kwenye mlango wa maji, maji haya usinywe, usipikie, usioge, mpaka mimi niliyekuona nikusamehe.

Kisha akafumba macho akasinzia. Mimi sikuwepo. Niliyasikia kwa wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na kwa bahati mbaya hawakutofautiana hata neno.

Jenoveva alikamua kitambaa, akaloweka tena, akaendelea na kazi yake. Baba yangu na shangazi Lukia walitazamana, wakaondoka bila kuaga.

Akili ya Sebastiani ilirudi polepole. Siku moja asubuhi aliamka akaomba uji, jioni yake akalala kama mtoto, na hakuweweseka tena. Mkewe hakumwambia alichokisema. Alinieleza baadaye kwamba alidhani ni upuuzi wa homa, utabaki wodini pamoja na bendeji chafu.

Haukubaki. Siku waliyorudi, Jenoveva aliweka mzigo chini, akachukua ndoo, akaenda mferejini kuchota maji ya kupikia. Shangazi Lukia alikuwa amekwisha fika, amesimama kwenye jiwe.

"Wifi, weka ndoo chini," alimwambia. "Unajua ulichoambiwa."

Sitaki kumfanya shangazi shetani. Alilia wakati anasema. Aliamini kwamba asipomzuia, ndiva itakauka na watoto wa kijiji kizima watakula majani. Lakini alimzuia, na ndoo ilirudi nyumbani tupu, na hapo ndipo Sebastiani alipojua kwa mara ya kwanza kuna neno amelisema.

Shauri likakaliwa kando ya ndiva. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima wakati huo, kijana mwenye maneno mengi, nikajipeleka na hoja zangu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeteremka hospitali kumuuliza nesi Esta, yule aliyemshika Sebastiani dripu ilipochomoka. Hakushangaa hata kidogo. Aliniambia waliopasuliwa wengi wanapitia hayo, hasa wenye umri, na hasa jioni. Mmoja alimtukana askofu wake. Mwingine, mzee mstaarabu wa Lembeni, aliamuru ng'ombe watolewe chini ya kitanda. "Akili inatoka kidogo, mwalimu, halafu inarudi," alisema. "Wakipata usingizi wa kweli inarudi. Maneno yao sisi hatuyaweki moyoni."

Niliyaeleza haya yote barazani. Baba yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nesi anajua ngiri, namheshimu. Ndiva haijui." Akamgeukia mdogo wake.

"Sebastiani, jambo ni dogo. Sema uliona nini, sema umesamehe, mnyunyizie mkeo maji, tukale."

"Sikuona kitu, kaka."

"Ulisema umeona."

"Sikumbuki kusema."

"Mimi nilisikia. Dada yako alisikia."

"Basi nilisema. Lakini kuona sikuona. Nilikuwa mgonjwa. Mke wangu hajawahi kuiba tone la maji."

"Hakuna anayesema aliiba. Unachotakiwa ni kusamehe."

"Nisamehe wizi gani?" Sebastiani aliuliza. "Nikisema namsamehe nimesema aliiba. Mimi mgawa maji nisimame hapa niseme uongo juu ya mwanamke huyu?"

Wazee walinong'ona. Mmoja alisema maji yakimwagika hayazoleki. Mwingine akatoa mfano wa shauri la zamani. Nikaona kwa macho yangu watu wanaompenda Sebastiani wakiutafuta mlango katika sheria yao na kukosa, kwa sababu waliotunga sheria hawakufikiria kwamba mgawa maji anaweza kusema jambo na asiwe yeye aliyesema. Ndipo wakamgeukia Jenoveva. Je, yeye yuko tayari kusamehewa tu, yaishe?

"Nikisamehewa nimeiba," alisema. "Nina mabinti wameolewa. Mnataka waitwe watoto wa mwizi?"

Ikaishia hapo. Wakweli wote wakaenda nyumbani kwao.

Jenoveva akawa anachota maji kwenye chemchemi ya upande wa pili wa mlima, mbali, njia ya mawe. Aliondoka na ndoo mapema na kurudi jua limepanda. Sebastiani alipopata nguvu alimsaidia kubeba. Alikunywa maji yale yale ya mkewe, akala chakula kilichopikwa kwa maji yale, akaoga maji yale. Lakini jioni ikifika alikwenda kuziba ndiva, na alfajiri alikwenda kuzibua. Watu waliona ajabu mtu anayegawa maji asiyoyanywa. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Bondeni kando ya barabara kuu, kabla hujafika Same, serikali ilipima kijiji kipya, ikachimba kisima, ikaweka bomba. Watu wengi wa mlimani waliteremka kwa kusukumwa. Jenoveva aliteremka kwa kupenda. Magoti yalikuwa yamechoka na njia ya chemchemi.

"Twende wote, Baba Honorata," alimwambia mumewe mbele yangu. "Kule maji ni ya serikali. Hayana babu."

"Nani atazibua ndiva?"

"Watapata mtu."

"Nitakuja. Ngoja mvua zipite."

Alimbebea mizigo mpaka chini, akamjengea kibanda, akakiezeka, akapanda mlima tena ili awahi kuziba. Mvua zikapita. Zikaja nyingine. Kila siku ya gulio aliteremka na ndizi na tangawizi, akakaa na mkewe mchana kutwa kwenye kivuli cha kibanda, na jua likianza kuinama akaanza kutazama mlima. Jenoveva alimfungia chakula cha njiani. Hawakugombana. Ningefurahi kama wangegombana.

Nilipangiwa kufundisha madarasa ya kisomo katika kijiji kile, na jioni nilikuwa nikimpitia. Siku moja akichambua maharage aliniuliza jambo ambalo naamini lilimla kuliko umbali wa chemchemi.

"Method, wewe umesoma. Nesi alisema akili ilikuwa imetoka. Nakubali. Lakini akili ikitoka, kinachobaki ndani si ndio moyo? Kwa nini alinitaja mimi?"

"Mama mdogo, alikuwa anaweweseka."

"Chumbani tulikuwa watatu. Lukia alikuwepo. Kaka yake alikuwepo. Alinitaja mimi."

 Nilimwambia maneno ya kumtuliza, akayapokea kwa adabu kama mtu anavyopokea chai asiyoitaka.

Jibu nimelipata uzeeni, wakati wa kumpa hayupo tena. Nilikuwa nimempeleka jirani yangu kupasuliwa nyonga, na naye jioni akaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Daktari, binti mdogo tu, alikaa nami kwenye benchi akanieleza. Alisema ndani ya kichwa kuna kitu mwili unakitengeneza giza linapoingia, kinaitwa melatonini, na ndicho kinachouambia mwili sasa ni usiku. Mtu akipasuliwa, hasa mtu mzima, mara nyingi kinapungua au kinatoka saa isiyo yake. Taa, kelele, maumivu na dawa za usingizi vinazidisha. Wataalamu bado wanachunguza kinachangia kiasi gani katika kuchanganyikiwa kule, aliniambia, hawajakubaliana. Nikamuuliza swali la Jenoveva: mgonjwa anapomtuhumu mtu, anamtuhumu aliye moyoni mwake?

"Hapana, babu," alisema. "Mara nyingi anamtuhumu aliye karibu na kitanda."

Nilitoka nje nikalia kwenye maua ya hospitali, mzee mzima. Baba yangu na shangazi walikuwa mlangoni na pua wamefunika. Aliyekuwa ameinama na kitambaa ni Jenoveva peke yake. Kama naye angekwenda kulala mjini kwa jamaa, angerudi kwake Mlaro akachota maji, akapika. Alitajwa kwa sababu hakuondoka.

Bondeni kuna malaria, na watu wa mlimani damu yetu haikuizoea. Mwaka ambao mvua zilikuwa nyingi Jenoveva aliugua. Alidhani mafua, akachemsha majani akanywa. Siku ya tatu hakuweza kusimama, nikatuma mtu mlimani kumwita Sebastiani huku tukitafuta gari la kumpeleka hospitali. Mtu yule alimkuta shambani, jua likiwa bado juu kiasi.

Sebastiani alimsikiliza, akachukua koti. Kisha akatazama jua. Akasema ataziba ndiva kwanza, maana akiteremka sasa hatawahi kurudi, na kesho ni zamu ya wajane. Akangoja. Akaziba. Akateremka mlima gizani akikimbia, na umri wake ule. Gari tulikuwa tumelipata, lakini mama mdogo hakuwahi kupanda. Alikuwa amekata roho mikononi mwa jirani yake Mwanaidi wakati mumewe yuko njiani. Nilipomwambia, aliuliza, "Saa ngapi?" Nikamwambia magharibi. Akakaa chini palepale mlangoni, koti bado mkononi.

Asubuhi alisema anataka kumzika nyumbani, Mlaro, kwenye shamba lake, upande wa migomba. Tukampandisha kwa machela, mabega yale yale yaliyomteremsha mumewe zamani, pungufu ya waliokufa. Tulipofika tulikuta kaburi halijachimbwa. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani, naye baba yangu Hezroni alikuwa amesimama mbele yake.

"Shamba lote linanyweshwa na ndiva," alisema, na sauti yake ilitetemeka, kwa kuwa hata yeye alikula makande ya mwanamke yule. "Marufuku haijaondolewa. Hawezi kulazwa kwenye udongo wa maji haya. Mdogo wangu, iondoe, au tumrudishe bondeni akazikwe na watu wa huko."

Mimi nilitukana. Sitarudia nilichosema mbele ya maiti, ila nilikisema kwa baba yangu mzazi na sijakijutia. Sebastiani akanishika mkono.

"Acha, Method," alisema.

Akatutangulia mpaka ndivani. Machela tukaiweka kwenye majani. Alisimama kwenye ukuta wa mawe, akawataja mababu watatu, sauti ile ile ya kazi yake. Kisha nilimwona akitafuta neno kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga kwenye utelezi.

"Nilimwona Jenoveva kwenye mlango wa maji," alisema. "Alizibua ndiva usiku. Aliiba. Mimi niliyemwona nimemsamehe."

Akainama, akachota maji kwa kiganja, akafunua shuka, akayanyunyiza kwenye uso wa mkewe. Yalimtiririka shavuni, na yeye akayafuta kwa kidole gumba, taratibu. Wanawake wakaanza kilio. Wanaume wakaenda kuchimba.

Tulimzika kabla ya jua kuzama. Watu walipokuwa wakinawa mikono baba yangu alimwendea Sebastiani, aliyekuwa amekaa kwenye kigogo karibu na migomba. Alimwekea mkono begani. Alimwambia pole, kisha kwa kuwa ni jioni, na kwa kuwa maisha ni lazima yaendelee, akamkumbusha kwamba ndiva haijazibwa.

"Tafuteni mtu mwingine," Sebastiani alisema.

"Kwa nini?"

"Mgawa maji hasemi uongo. Mimi leo nimeusema, na ninyi nyote mmeusikia."

 Baba yangu aliangalia chini, akaangalia mlima, kisha akakaa kwenye kigogo pamoja naye. Walikaa hivyo, kaka na mdogo, mpaka giza likaanza kuingia, na hakuna aliyekwenda kuziba.

"Kaka," Sebastiani alisema mwishowe, "ningeusema siku ile mliponiomba, saa hizi angekuwa ananiwekea maji ya moto."